Mama Berthe Hajafa

Barua zenu nimezipata. Msomaji mmoja wa Kikula ameandika kwamba mke anayeficha kifo cha mama mkwe wake hafai hata kusalimiwa njiani. Sawa. Leo soma mpaka mwisho, ndugu yangu, halafu unitukane ukiwa na sababu zote mkononi.

Kwa ambaye hakuwa nasi wiki iliyopita, nafupisha. Mimi ni Martine, mama yake Julie. Mume wangu Casimir alikuwa pontier kwenye kiwanda cha kampuni hapa Likasi. Yaani alikaa juu kwenye kreni, akabeba shaba iliyoyeyuka na kuipitisha juu ya vichwa vya wenzake. Mwaka 1980 mnyororo ulikatika ukamvunja nyonga. Hospitalini walimchoma petidini, dawa ya maumivu makali, kwa wiki tano. Alipotoka, nyonga ilikuwa imepona. Mwenye nyonga hakuwa amepona.

Na nyumbani petidini ilikuwepo. Mama yake, Mama Berthe, alikuwa na kansa, na dispensari ya kambi ilimpa ampuli za kuchomwa nyumbani kwa mkono wa familia. Ukirudisha ampuli tupu, unapewa nzima. Ndivyo walivyofanya kazi. Casimir akaanza kumchoma mama yake nusu, nusu nyingine akajichoma mwenyewe. Niliona. Nilinyamaza.

Mama Berthe alifia kijijini kwake, mbele ya Kamatanda, tulipokuwa likizoni. Mzazi aliyeandikwa kwenye kitabu cha familia akifa, unakwenda kumtangaza, na kampuni inatoa sanduku, lori na unga wa kilio. Sisi hatukutangaza. Tulimzika ndani ya mkeka, tukarudi kambini, tukawaambia majirani mama yupo ndani, hapendi kuonwa. Casimir akaweka komeo kwenye mlango wa chumba cha marehemu, kwa ndani, ajichome bila kusumbuliwa. Kwenye kitabu Mama Berthe akaendelea kuishi, na ampuli zake zikaendelea kutoka.

Miezi minane. Hapo ndipo tulipoachia.

Jumanne ile Casimir alirudi kutoka dispensari mikono mitupu.

"Bamenikatalia," alisema.

"Juu ya nini?"

"Iko kontrole. Ule infirmier mupya, Germain, anasema bagonjwa bote ba ku manyumba atabaona na macho yake. Kesho anakuya na assistante sociale. Anataka kumuona mama."

Nilicheka. Si kicheko cha furaha, jamani, ni kile kinachomtoka mtu anapoona nyumba yake inawaka.

"Utamuonyesha nini? Kaburi?"

Kamasi nyembamba zilimtiririka puani, naye alizifuta kwa mkono wa shati kama mtoto. Alikuwa amejichoma mara ya mwisho Jumatatu asubuhi, na mwili ulikuwa umeanza kumdai.

"Baba Julie, tuende tuseme kweli."

"Kweli gani? Miezi munane, Mama Julie! Bataita ile wizi ya mali ya Leta. Kazi itaenda, nyumba itaenda, minye nitaenda buloko. Na mu registre, signature ni ya nani?"

Leta ni serikali, buloko ni gereza, na sahihi ilikuwa yangu. Kila Jumanne na kila Ijumaa nilikuwa nikisaini daftari kwa ajili ya marehemu, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na masista.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Wiki tatu kabla, Casimir alisinzia kule juu kwenye kreni. Ndoo ya shaba ikashuka ghafla ikasimama juu ya wanaume wanne kwa kiasi cha urefu wa mlango. Wale wanne walisema ni mashine. Mimi nilijua ni nini, maana asubuhi ile nilisikia mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, lile alimokuwa akificha sindano, ukifunguliwa mara mbili badala ya mara moja.

Nilikwenda misheni kwa Sista Clotilde. Tulishajaribu maombi, tulishajaribu mizizi, tulishamfungia ndani akavunja dirisha. Nilimweleza sista habari ya sindano, ya Mama Berthe nikaificha. Nilidhani ataniambia tusali tena. Hakusema hivyo.

"Mwanangu, huu ni ugonjwa," aliniambia. "Mlevi wa pombe ya lutuku watu wanamjua kwa harufu, mvuta bangi wanamjua kwa macho. Wa sindano anavaa shati jeupe, anakwenda misa, na anakufa amenyooka. Lakini anatibiwa. Wiki sita. Tunampunguzia dawa kidogo kidogo, tunamlisha, tunakaa naye anapotetemeka."

"Nimlete lini?"

"Hutamleta. Atakuja kwa miguu yake na kusema kwa mdomo wake. Nina vitanda viwili kwa mji mzima, Martine. Kimoja kimebaki wazi mpaka Alhamisi ya wiki ya tatu. Baada ya hapo nitampa mwingine."

Alhamisi hiyo ilikuwa keshokutwa. Casimir alikuwa amekataa kwenda kila siku niliyomwomba. Kwa hiyo Jumanne ile, alipokuwa amekaa mbele yangu anajifuta kamasi, nilifanya biashara.

"Nikikusaidia kesho," nilisema, "Alhamisi utaenda kwa Sœur Clotilde?"

"Nitaenda."

"Lapa."

"Ninalapa. Kwa jina ya mama yangu."

Mama yake ambaye tulimnyima hata kilio! Na mimi nikapokea kiapo hicho kama pesa halali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wazo lilikuwa langu. Si la Casimir. Hilo sijawahi kumwambia hata padri.

Siku ileile alikuwa ameingia Mama Émérence, dada mkubwa wa mama yangu, kutoka Koni. Alikuwa mjane, anakausha samaki wa Lufira, na mara moja kwa mwaka alituletea kapu. Kule dispensari hakuna aliyemjua. Umri wake na wa Mama Berthe ulikuwa mmoja. Alikuwa mwembamba, maana wanawake wa mtoni wanatembea sana.

Nilimfuata jikoni alipokuwa akipanga samaki.

"Mama mukubwa, ninakuomba kitu. Kesho asubui ulale mu kitanda ya Mama Berthe. Saa moya tu. Ufanye sawa uko mugonjwa."

"Na mugonjwa mwenyewe iko wapi?"

"Alikufa."

Aliweka samaki chini.

"Na kilio?"

"Hatukulila."

"Yoo, Martine! Muntu anakufa sawa kuku?"

Nilimwambia yote. Sindano, sahihi, ndoo ya shaba, kitanda cha Sista Clotilde, Alhamisi. Nililia nikasema. Alinisikiliza akiwa amefunga mikono kifuani, na magamba ya samaki yalikuwa yaking'aa kwenye vidole vyake.

"Kama ni juu ya bwana yako apone, nitalala," alisema mwishoni. "Toka nizaliwe hakuna muntu aliniomba kulala. Bote baniombaka kuamuka." Kisha akaniuliza, kwa uzito kabisa: "Nilale na mudomo wazi, ao wa kufunga?"

Jumatano asubuhi, Julie alipokwenda shule, nilimvalisha Mama Émérence kitambaa cha kichwa cha Mama Berthe. Nikamlaza, nikamfunika blanketi mpaka kidevuni. Alijaribu kuugua mara moja, akatoa sauti ya mbuzi. Tukacheka mpaka akakohoa. Naona aibu kuandika kwamba tulicheka, lakini tulicheka.

Saa nne walifika. Germain, yule muuguzi, kijana mnene mwenye mkoba wa ngozi, akaegemeza baiskeli yake ukutani. Nyuma yake assistante, yule afisa ustawi wa jamii, citoyenne Angèle (siku zile sote tuliitwa raia), na faili kifuani. Casimir alikuwa ameketi karibu na mlango wa chumba, shati jeupe, goti likirukaruka lenyewe. Alipiga miayo mfululizo, na macho yalimtoka machozi.

"Citoyen, uko mugonjwa?" Angèle alimuuliza.

"Malaria."

"Pole."

Tukaingia chumbani. Angèle alisoma kwenye faili jina la Mama Berthe la kwenye karatasi, maana siku zile majina ya ubatizo yalikuwa hayaandikwi ofisini.

"Citoyenne Numbi Kilufya?"

"Iko minye," alijibu Mama Émérence kwa sauti iliyokatika. Aliijibu vizuri sana, masikini.

Angèle alitia alama. Alimtazama kwa huruma, akamgusa mguu juu ya blanketi. "Pole, mama. Mungu akusaidie." Nikapumua. Nilijiambia imekwisha, kesho ni Alhamisi, mume wangu atapona.

Germain hakutoka. Alipiga magoti, akafungua mkoba, akatoa ampuli tatu akazipanga kwenye kiti.

"Apa mu fiche banaandika ampoules tatu kwa mara moya," alisema. "Ni mingi, lakini kama mwili imesha kuzoea, ni vile. Toka leo, asubui nitamuchoma minye mwenyewe. Kuko bantu banauzisha dawa."

Tatu! Mama Berthe alikuwa ameandikiwa moja. Ni Casimir aliyekwenda dispensari mwezi hadi mwezi kusema maumivu ya mama yamezidi, wakamwandikia mbili, akarudi wakamwandikia tatu. Kila uongo wake ulikuwa umeandikwa pale kwenye fiche, kadi ya mgonjwa, kwa wino mzuri wa bluu, na sasa ulikuwa umelala kwenye kiti karibu na kichwa cha mama yangu mkubwa, ambaye dawa kali aliyowahi kumeza ni aspirini.

"Nilisha kumuchoma asubui," nilisema haraka.

"Na nini? Jana sikupatia muntu ata moya."

"Zilibakia."

"Basi nipatie zile za butupu."

Sikuwa nazo. Casimir alikuwa amezirudisha zote jana yake, hata moja haikubaki, maana kwake ampuli tupu ilikuwa na thamani kuliko shati lake. Angèle aliinua macho kutoka kwenye faili.

"Citoyenne, unamuchoma na nini, basi?"

Nilimgeukia Casimir aliyekuwa amesimama mlangoni. Angeweza kusema lolote. Mama ana homa, mwacheni. Mama ametapika, rudini mchana. Neno moja la mwana kwa mama yake, Germain angesikiliza. Casimir hakunitazama mimi wala hakumtazama mgonjwa. Alitazama mikono ya Germain ikivunja shingo za ampuli, ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mama Émérence alinitazama mimi. Alikuwa ananiuliza kwa macho, mwanangu, hii nayo ilikuwa katika mapatano?

Ningesema. Kinywa nilikuwa nacho. Nilifikiri, ni sindano tu, atalala, ataamka na kichwa kizito, kesho Alhamisi. Nikamkubalia kwa kichwa.

Akageuka ubavu, akapandisha nguo mwenyewe.

Germain alipomaliza, alinipa ampuli moja nzima. "Mangaribi sizungukake. Ile ni ya usiku, kama anateseka. Kesho asubui unanirudishia ya butupu." Wakaaga. Nilisikia kengele ya baiskeli ikielekea nyumba ya tatu, kwa mzee mwenye kifua.

Nilibaki na ampuli ndani ya ngumi.

Robo saa hivi mambo yalikuwa mazuri. Mama Émérence alitabasamu.

"Martine, iko muzuri," alisema. "Magoti haiumi tena. Kumbe iliniumaka miaka yote, na minye nilizoea."

Kwa mara ya kwanza nikaelewa mume wangu alichokuwa anatafuta ndani ya kile chumba. Nilikielewa, nikakiogopa.

"Usilale, mama mukubwa. Unisimulie bya Koni."

"Koni... maji..." Maneno yakamwishia mdomoni. Kope zikafunga. Alivuta pumzi moja ndefu, kisha hakuvuta nyingine mpaka nikadhani ndiyo imekwisha, ndipo akavuta. Nilianza kuhesabu. Kati ya pumzi moja na nyingine nilifika nane. Kisha kumi na moja. Midomo yake ikawa rangi ya majivu. Nilimpiga makofi shavuni, nikamfinya, nikamwita jina lake la kweli kwa sauti kubwa. Kichwa kilining'inia mkononi mwangu.

"Baba Julie! Muite Germain! Bado iko pale kwa muzee!"

Casimir alifunga mlango wa chumba, akauegemea kwa mgongo.

"Ngoja. Atalala, ataamuka. Inafanyaka vile."

"Haamuke! Angalia mudomo yake!"

"Ukimuita, kesho siko kwa Sœur Clotilde. Niko buloko. Si ulitaka nipone? Si ni weye ulinilapisha?"

Alisema hivyo kwa utulivu. Ile tiba niliyoiombea wiki tatu, sasa alinishikia nayo shingoni.

"Ni mama yangu huyu, Casimir!"

"Na yule wangu?" alisema. Kisha akanyoosha mkono. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho. "Nipatie ile moya ya usiku. Mwili inaniuma, siwezi kufikiri. Nikiipata, nitafikiri muzuri. Nitaenda kumuita minye mwenyewe."

Nilimtazama. Miaka kumi na mbili ya ndoa. Mtu aliyenibeba mgongoni kuvuka tope siku ya ubatizo wa Julie. Sikumwona mle machoni. Nilimwona mtu anayeitazama ngumi yangu.

Nilifungua ngumi, nikaitupa ile ampuli kwenye kona, nyuma ya kitanda, juu ya rundo la nguo za Mama Berthe, isivunjike. Aliirukia kama mbwa anavyourukia mfupa. Mlango ukabaki peke yake.

Nikatoka mbio, miguu mitupu, mpaka barabarani.

"Germain! Germain! Yule haiko Mama Berthe!"

Wanawake waliokuwa bombani waligeuka, ndoo zikifurika. Germain alitokea kwenye nyumba ya tatu, sindano nyingine mkononi, Angèle nyuma yake.

"Unasema nini?"

"Ni mama yangu mukubwa! Hayachomwa ata siku moya! Anakufa!"

"Na Mama Berthe iko wapi?" aliuliza Angèle.

Miezi minane nilikuwa na majibu ya swali hilo. Amelala. Anaoga. Hapendi wageni. Yote yalinikimbia.

"Alikufa," nilisema.

Mmoja wa wale wanawake wa bombani aliweka mikono kichwani, akapaza sauti. Alikuwa rafiki yake Mama Berthe, waliuza mihogo pamoja. Wengine wakamfuata. Kilio tulichomnyima yule mama kilianza pale, katikati ya barabara, saa tano ya mchana, na hakuna aliyejua kwamba huenda kinahitajika kwa watu wawili.

Germain aliacha baiskeli palepale akakimbia, tumbo lake likiruka mbele yake, nami nyuma.

"Anapumua?"

"Kidogo! Kidogo sana!"

"Nikimufikia, nitamupulizia minye mwenyewe mu mudomo mpaka ambulance ifike. Angèle, telefone! Kimbia ku dispensaire!"

Tukaingia sebuleni. Germain aliusukuma mlango wa chumba kwa bega. Haukuenda. Akausukuma tena. Ubao ulilia, lakini haukuenda.

Komeo. Lile la ndani.

"Casimir!" Nilipiga kwa viganja viwili. "Baba Julie, fungua! Infirmier iko apa! Bado tunaweza kumuponesha, fungua!"

Nikasikia, kule ndani, mfuniko wa kopo la maziwa ukifunguliwa.

"Casimir! Casimir, fungua!"

"Dakika moya," alinijibu, kwa ile sauti yake ya upole, ile ya kumbembeleza Julie anapoota ndoto mbaya. "Dakika moya tu, Mama Julie."